Mstari wa Makubadhi

Bagamoyo, Jumapili, baada ya Alasiri

Mwanangu Hawa,

Hali yako sikuulizi, kwa kuwa naijua. Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga shangazi zako, kila mmoja atakulazimisha kula, nawe hutarudi kabla ya Magharibi. Sanduku lako umeliacha wazi kitandani. Nililisogelea kwa nia njema ya kuzikunja upya kanga ulizozikunja vibaya, na juu ya kanga nikakuta daftari. Jalada lake gumu, la kijani. Kurasa zake zimekwisha kupigwa mistari: jina, umri, kazi, tarehe, sahihi au dole gumba. Juu yake umeandika, kwa mwandiko niliokufundisha mwenyewe, Daftari la Mahudhurio ya Vikundi, Miono.

Ndipo nikakaa kitako nikatafuta kalamu.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda kuwa Bibi Maendeleo katika kijiji cha Miono. Sitakuandikia kuhusu kuchemsha maji wala kufunga chandarua; hayo bibi yako amekwisha kukwambia mara tatu, na mara ya tatu ulikuwa umelala. Nakuandikia kuhusu daftari hilo. Unakwenda mahali ambapo watu wametolewa katika mashamba yao, nyumba zao zikapangwa kwa kamba kando ya barabara, na sasa mtu anaamka asubuhi amepakana ukuta na mwenziwe asiyemjua hata jina la baba yake. Wamekuwa majirani kwa amri. Wewe umetumwa ukawafanye wawe jamaa. Kazi hiyo naijua, mwanangu. Niliwahi kuikuta inajifanya yenyewe, nikataka kuisaidia, nusura niiue. Silaha niliyotumia ilikuwa daftari kama hilo.

Ulikuwa na miaka saba nilipokuacha kwa bibi yako nikaenda chuo kikuu. Niliondoka alfajiri ukiwa umelala, bila neno, kwa sababu niliogopa kwamba ukiamka ukanitazama sitaondoka. Nilijipa hoja nzuri. Nilijiambia kwamba taifa linawangoja wasomi wake na haliwezi kusubiri. Taifa, mwanangu, lingeweza kusubiri dakika kumi. Hilo ni kosa langu la kwanza, na barua hii, ambayo ningestahili kukuandikia wakati ule, ni malipo yaliyochelewa.

Lakini usidhani ninaijutia safari yenyewe. Chuoni nilijifunza kupanda juu ya meza ya bwalo na kutamka sentensi moja ikawainua watu mia vitini. Nilijifunza kumwuliza mkubwa, mbele ya wadogo zake, kwa nini. Nilisimamishwa muhula mzima kwa ajili ya hotuba moja, na hotuba ile ningeitoa tena leo, neno kwa neno, tena kwa sauti kubwa zaidi. Wako watakaokwambia kwamba mama yako alikuwa na moto ujanani, kisha akatulia. Waambie mama yako hakutulia. Alijifunza tu kwamba moto wa kupikia na moto wa kuunguza nyumba hutoka katika kiberiti kimoja.

Niliporudi kufundisha shule ya hapa nikaukuta mji huu kama nilivyouacha. Wanawake wa nyumba za mawe walikaa ndani ya nyumba za mawe. Manesi na walimu waliotoka bara walikaa katika vyumba vyao vya kupanga, wakihesabu siku za likizo. Kina mama wa Kizaramo na Kikwere waliokaanga samaki pembeni mwa njia walijulikana kwa samaki wao, si kwa majina yao. Sokoni tulisalimiana vizuri mno, shikamoo na marahaba, habari za nyumbani na za watoto, kisha kila mmoja akashika njia yake. Tulikuwa tumepata bendera moja kabla hatujapata birika moja la kahawa. Jambo hilo liliniudhi, nami nikaitisha mikutano. Niliitisha mikutano minne. Katika ule wa nne walikuja watu watatu, mmoja wao akiwa amekuja kuuliza kama nimeuona mbuzi wake.

Wakati huohuo, hatua mia mbili kutoka pale nilipokuwa nikihutubia viti vitupu, jambo nililolitafuta lilikuwa limeanza bila mimi.

Unaikumbuka sakafu ya ghala la mbata. Mwenye ghala alikuwa amehama zamani, na ile sakafu ya saruji ya kuanikia nazi ilibaki nyuma ya ukuta wake mfupi, haina kazi, lango li wazi. Nesi Anastazia, aliyekuja kutoka Songea na hakuwa na ndugu hata mmoja hapa, alikuwa amewahi kuona mahali fulani watu wakipigiana mpira mdogo kwa vibao juu ya wavu wa chini. Hakuzikumbuka kanuni, alichokumbuka ni kwamba watu walikuwa wakicheka. Akamwomba Fundi Kombo seremala amchongee vibao viwili kwa vipande vya mninga vilivyobaki katika fremu za milango. Fundi akachonga vinne, akasema viwili vitaona upweke. Mipira ilikuwa ya tenisi, imezeeka hata manyoya yamekwisha, vipara vitupu. Wavu ulikuwa kipande cha jarife bovu la wavuvi, kimefungwa kwenye miti miwili iliyosimamishwa ndani ya makopo ya rangi yaliyojazwa mchanga.

Bi Tabu, mkaanga samaki wa pale kwenye kona, aliwatazama siku mbili. Siku ya tatu akaipua karai lake, akavua makatambuga yake ya mpira wa gari, akaingia.

"Nesi, hebu nipe hicho kibao," akasema. "Nataka nione kama kinapiga kuliko mwiko wangu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Haikuwa na ajenda. Hakuna aliyeifungua rasmi.

Mchezo wenyewe unaujua, lakini nataka ukumbuke jinsi zamu ilivyopangwa, maana humo ndimo ulimokuwa uhai wake. Tulicheza miguu mitupu. Kila aliyefika alivua viatu vyake akaviweka mwisho wa mstari, kando ya ukuta. Mchezo ukifika kumi na moja, wanne walioko uwanjani wanatoka, na jozi nne za mbele zinaingia. Hakuna kuchagua mwenzi. Makubadhi ya ngozi ya mke wa tajiri wa duka yakifuatana na makatambuga ya Bi Tabu, basi hao wawili ni upande mmoja, washinde pamoja au wazomewe pamoja. Viatu havikuuliza kabila, havikuuliza dini, wala havikuuliza nani amesoma. Na wale wanaongoja, wafanye nini ila kukaa ukutani, kunywa kahawa na kutaniana? Mke wa tajiri, ambaye miaka kumi alikuwa akituma mtoto kununua samaki kwa Bi Tabu, siku moja alimwambia mbele yetu sote, "Tabu, wewe ungekuwa dada yangu tungewapiga hawa kumi na moja bila." Bi Tabu akajibu, "Mimi dada yako tangu juzi, we hujui tu. Rudi nyuma, mpira unakuja."

Nilipokuja kuona, nilivua viatu kwa dharau kidogo. Nilicheza kama nilivyohutubia. Nilisimama karibu kabisa na wavu, na kila mpira uliopita niliupiga chini kwa nguvu zangu zote kabla haujagusa sakafu. Siku ya pili mpira wangu ukampata Fundi Kombo puani. Alikaa chini, akashika pua, damu ikitoka kati ya vidole, akaniambia kwa upole ulioniumiza kuliko matusi:

"Mwalimu, pua ninayo hii moja. Sina ya akiba."

Kesho yake alikuja na mkaa akachora mstari pande zote mbili za wavu, hatua mbili na nusu kutoka kwenye jarife. Akauita kizingiti. Kanuni yake ilikuwa hii: ukiwa ndani ya kizingiti, karibu na mwenzako, huruhusiwi kuupiga mpira ukiwa hewani. Uache kwanza udunde. Nguvu zote utumie ukiwa mbali; ukiwa karibu, ngoja. Mke wa tajiri akasema kanuni hiyo ingeletwa katika ndoa, mabaraza ya talaka yangefungwa. Watu wakacheka hata mpira ukapotea.

Sasa nakuja kwenye kosa langu kubwa.

Nilitazama sakafu ile na watu wake thelathini wanaocheka pamoja, nikaona nguvu. Sikukosea. Nilikosea nilipodhani kwamba nguvu isiyoandikwa haipo. Nikanunua daftari. Nikatunga katiba ya Umoja wa Vibao, ibara kumi na mbili, na madhumuni yake yakajaza ukurasa mzima. Nikafuta mstari wa makubadhi, nikaweka orodha ya zamu iliyotiwa sahihi. Nikaweka dakika ishirini za mazungumzo ya elimu kabla ya mpira wa kwanza, na mzungumzaji, utajua mwenyewe, nilikuwa mimi. Mke wa tajiri akaacha kuja, kwa kuwa mumewe aliruhusu mchezo, hakuruhusu chama. Wawili waliokuwa hawajui kuandika wakaacha, kwa kuwa wino wa dole gumba haufichiki ukirudi nyumbani. Bi Tabu alikuja akakaa, akanisikiliza kwa adabu, akaondoka kabla ya mchezo kwa sababu mafuta yake yalikuwa yanapoa. Nami niliwaita hao wote watu wasioamka.

Kisha nikafanya jambo ambalo ni msomi tu awezaye kulifanya. Niliandika barua ofisini kuomba kibali cha kutumia sakafu ambayo hakuna mtu duniani aliyekuwa ametukataza kuitumia. Kurasa sita, mwanangu, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Jibu lilirudi katika aya moja, likielekezwa kwa Mwenyekiti, Umoja wa Vibao. Lilisema kwamba mikusanyiko ya kikundi kisichosajiliwa ikome mara moja, na kwamba sakafu ile sasa ni mahali pa kuhifadhia saruji ya ujenzi. Siku ya pili lango likawa na kufuli jipya.

Nilikwenda kwa Bi Tabu nikiwa nawaka. Nilikuwa nimekwisha kuandika mabango sita. Akayatazama moja moja huku akigeuza vibua karaini.

"Mabango haya utayashika mkono gani," akaniuliza, "na kibao utakishika mkono gani?"

"Bi Tabu, wametufungia."

"Walikuwa hawatuoni, mwanangu. Wewe ndiye uliyewapelekea taa."

"Kwa hiyo tukae kimya kama kuku?"

"Nani kasema kimya? Mimi nasema tukae."

Sikumwelewa. Akaomba daftari. Nilimpa, nikidhani anataka kuona majina. Akalichana kwa mpangilio, ukurasa baada ya ukurasa. Zile za majina akaziweka chini ya karai, moto ukazichukua. Zile za katiba akazipanga vizuri juu ya meza yake ya samaki, maana alikuwa ameishiwa karatasi za kufungia. Nilisimama pale nikaitazama ibara ya nne ikilowa mafuta. Sijui kama niliwahi kusimama mahali pagumu kuliko pale, na nimewahi kusimama mbele ya bunduki za askari.

Saa kumi, Bi Tabu alikwenda mpaka lango lililofungwa, akavua makatambuga yake, akayapanga kando ya ukuta, akakaa. Nesi Anastazia alitoka zamu akaweka viatu vyake vyeupe nyuma ya makatambuga. Fundi Kombo akaja. Hata wale niliowafukuza kwa hotuba walirudi, mmoja mmoja, bila kuitwa. Birika la kahawa likazunguka. Hakuna aliyeimba wala aliyepaza sauti. Jua lilipoelekea kuzama kila mtu alivaa viatu vyake akaenda nyumbani, na kesho saa kumi mstari ukawa palepale.

Siku ya nne Bwana Afisa, aliyetia sahihi jibu lile la aya moja, alikuja mwenyewe. Alikuwa kijana, msafi, na nitakuwa mwongo nikisema alikuwa mwovu. Unamkumbuka, maana ulikuwepo, una miaka kumi na miwili, magoti yamejaa vumbi.

"Shikamoo, mama," akamwambia Bi Tabu.

"Marahaba, baba. Karibu. Kahawa?"

"Ahsante, la. Nauliza, mnasubiri nini hapa?"

"Zamu."

"Zamu ya nini?"

"Hii yangu ya tatu. Ya kwanza ya nesi."

Akavuta pumzi. "Kiongozi wenu nani?"

Hapo ndipo nilipojaribiwa. Hotuba yote ilikuwa tayari kinywani mwangu, Hawa. Niliijua aya yake ya kwanza, niliijua ya mwisho, nilijua mahali ambapo watu wangesimama. Ningesema mimi, ningechukuliwa mimi, mji ungelizungumza jina langu mwezi mzima, na lango lingebaki limefungwa. Nikakumbuka kizingiti. Nilikuwa karibu mno na wavu. Nikauacha mpira udunde.

Fundi Kombo ndiye aliyejibu. "Kiongozi wa nini, bwana? Hivi ni viatu."

"Viatu vya nani?"

"Ah, kila kimoja na mwenyewe. Vyako hivyo vyeusi pia vizuri, lakini vimekanyaga zamu ya mtu. Ama uvue, ama usogee."

Watu wakainamisha nyuso wasicheke. Bwana Afisa akasogea. Kisha akaona kandambili zako ndogo, kamba moja umeifunga kwa uzi, akazielekezea kidole.

"Na hizi za mtoto?"

Nawe ukasema, ukimtazama usoni, "Zangu. Na mimi nina zamu."

Nimesikia hotuba nyingi, na nyingine nimezitunga mwenyewe. Sijasikia iliyo fupi na kamili kuliko hiyo.

Aliendelea kuja. Siku nyingine alinunua vibua kwa Bi Tabu, akafungua karatasi, akasimama akisoma madhumuni ya Umoja wa Vibao kupitia doa la mafuta. Kisha akala vibua vyake. Mwishoni mwa wiki ya pili alifika akiwa na bahasha mkononi, akakaa juu ya ukuta kama mtu aliyechoka.

"Barua ya kuwakataza kukaa hapa nimeiandika," akasema. "Tangu juzi natembea nayo. Mwenyekiti nasikia hayupo. Umoja nasikia hakuna. Sasa niambieni, niwape nani?"

"Iweke mwishoni mwa mstari," akasema Bi Tabu. "Zamu yake itafika."

Aliiweka mfukoni. Saruji haikuja siku ile wala mwezi ule, na mpaka leo naingoja kwa hamu. Jumamosi iliyofuata tulilikuta lango li wazi na kufuli limening'inia kwenye pete yake, halina ufunguo. Nesi akafagia, Fundi akachora kizingiti upya. Mke wa tajiri alifika saa kumi na nusu, akayaweka makubadhi yake nyuma ya makatambuga, na hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi.

Mwanangu, watakwambia huko unakokwenda kwamba watu hawaendelei mpaka wahesabiwe. Bisha. Watakwambia kwamba kicheko hakina nafasi katika taarifa ya mwezi. Bisha tena, na ukichoka, niandikie nije nibishe mimi. Nyumba za Miono zimepangwa kwa kamba, lakini ujirani hauna kamba ya kuupima. Tafuta kwanza mahali ambapo watu wale hucheka bila wewe. Huenda ni kisimani, huenda ni mashineni pa kusaga, huenda ni bao kivulini kwa mtu mmoja mlemavu asiyekwenda shamba. Ukipaona, vua viatu uviweke mwisho wa mstari. Usiende mbele kwa sababu una cheo. Usiwaite hawajaamka, kwa kuwa walikuwa macho tangu alfajiri, wewe ndiye uliyewasili sasa hivi. Na siku watakapokuja kuwafungia lango, maana watakuja, usiwape jina la mtu mmoja wa kumwandikia barua. Wape mstari mrefu wa viatu.

Nawe usizime moto wako kwa ajili ya yaliyonipata mimi. Kuna siku ya kupanda juu ya meza, nami nitakudharau usipopanda. Ila jua umbali wako na wavu.

Daftari lako sikulitoa. Mali ya ofisi si yangu, na wewe si mtoto tena. Nimeliweka katikati ya vibao vinne vya mninga, ambavyo Fundi Kombo alivileta mchana akakataa kuingia ndani kwa kuogopa machozi yake, nikavifunga vyote pamoja kwa kipande cha jarife, mafundo saba. Ukitaka kulifikia daftari, itakubidi kwanza uvifungue vibao. Ukishavifungua, fanya utakavyoona.

Mara hii hakuna atakayeondoka mwenzake akiwa amelala. Tutatazamana.

Kisha saa kumi nitakwenda ghalani na zile kandambili zako, zile za uzi, nilizozificha miaka yote hii bibi yako akidhani amezitupa. Nitaziweka mstarini. Zamu yako ikifika na wewe hupo, nitazirudisha nyuma, kesho hivyo, keshokutwa hivyo. Na akija mtu na bahasha kuuliza ni za nani, safari hii sitauacha mpira udunde.

Aliyekuacha mara moja bila kukuaga, na hatarudia,

Mama yako